Wifi Kaniibia Hadi Uchovu Wangu

Wasomaji wangu, mara iliyopita niliwaacha nimesimama chini ya redio pale kazini, shuka la hoteli limening'inia mkononi, mdomo wazi. Redio ilikuwa inasoma sehemu ya hadithi yangu. Yangu mimi! "Mjane wa Chumba cha Saba", neno kwa neno kama nilivyoitamka. Mwisho mtangazaji akamtaja mtunzi, na mtunzi alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, anayelala chumba cha pili nyumbani kwangu na kula kwenye sahani zangu.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, karibu, kaa vizuri. Mimi ni mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Wananiita Mama Pacha, kwa sababu nina mapacha wa miaka mitano, Mkubwa na Mdogo. Mume wangu ni fundi wa friji. Na nina ugonjwa mmoja usio na dawa: natunga hadithi.

Muda wa kuandika sina. Alfajiri nawaandaa watoto, mchana kutwa niko kwenye moto, jioni napika, nafua, nasuluhisha ugomvi wa mapacha. Nikishika kalamu, usingizi unanibeba hata mstari haujaisha. Basi nikawa natunga kwa mdomo. Simu naichomeka kwenye sidiria, inarekodi, mimi nalisha mashuka kwenye mashine huku nasimulia.

Wifi ndiye aliyejitolea. "Wifi yangu, nipe nikuandikie. Mimi si niko nyumbani tu? Nitakupelekea mpaka redioni." Nikamshukuru hadi machozi yakanitoka. Kila akirudi alinipa pole: wamekataa, wanasema bado haijaiva.

Kumbe ilishaiva zamani, watu wanaila.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Wa kwanza kuwaka hakuwa mimi, alikuwa Kidole. Kidole ndiye mwenzangu kwenye mashine, anaitwa hivyo kwa sababu mashine hiyo ilimla ncha ya kidole akiwa bado mgeni. Hadithi yote aliisikia kutoka mdomoni mwangu kabla ya redio kuijua. Alitupa shuka sakafuni.

"Twende! Twende sasa hivi nikamng'oe nywele huyo mwanamke!"

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini? Mama Pacha, umelogwa?"

"Nikimng'oa nywele, zitaota tena. Namtaka apate kitu kisichoota."

Wanawake wote wa meza ya kukunjia mashuka wakageuka kunitazama. Nadhani hawakuwahi kunisikia nikisema maneno ya namna hiyo. Mimi ni yule wa kuombwa zamu na kukubali, wa kusema haidhuru hata pale inapodhuru. Siku hiyo haidhuru iliniisha.

Nikarudi nyumbani nimejikaza kisabuni. Wifi alikuwa sebuleni anapaka rangi kucha, miguu juu ya kochi.

"Wifi, redioni wamesemaje?" nikamuuliza, sauti tamu.

Hata hakutetereka. "Wamekataa tena, pole mpenzi wangu. Ila usikate tamaa. Wewe endelea kunipa, mimi nitaendelea kuwabembeleza. Sehemu ya mwisho umeshaitunga?"

"Bado. Nimechoka mno."

"Jitahidi, wifi. Ukichoka hivyo utaishia kupiga pasi maisha yako yote."

Mungu ananiona, nilimtazama kooni. Kisha nikaingia jikoni nikampakulia chakula, kipande kikubwa cha nyama nikampa yeye. Baba Pacha akanisifu mbele ya watoto kwamba siku hizi mke wake na dada yake wanapendana. Nikacheka. Nilikuwa nimeanza kuonja utamu wa chuki, na sitadanganya, ni mtamu.

Nafasi ililetwa na redio yenyewe. Katikati ya wiki mtangazaji akatangaza kwa mbwembwe: Jumamosi mchana, mtunzi wa "Mjane wa Chumba cha Saba" atakuwa studio, moja kwa moja hewani, na wasikilizaji watapiga simu kumuuliza maswali.

Kidole akanitazama. Nikamtazama. Tukaanza kucheka kama wendawazimu, mpaka msimamizi akatoka ofisini kuuliza nani amekufa.

Niwaeleze swali langu lilikuwa lipi, mlione lilivyokuwa na makali.

Mashine yetu ya pasi ni bomba nene la moto linalozunguka. Mimi nalisha shuka upande huu, Kidole analipokea upande ule. Shuka likianza kujikunja, nampigia kelele: "Vuta kona!" Naye anavuta kona, linanyooka. Kwa siku moja nalitamka neno hilo mpaka koo linakauka. Na kwa kuwa simu ilikuwa inarekodi kila kitu, "vuta kona" zangu zote ziliingia humo humo, katikati ya mahaba ya mjane.

Wifi hajawahi kukanyaga kiwandani. Aliandika kila alichokisikia. Pale mwanamume anayedai ni marehemu mume wa mjane anapogonga mlango usiku wa mvua, yeye akaandika hivi: "Nifungulie, mke wangu. Nimerudi kutoka mbali. Vuta kona!"

Na watu wakaipenda! Ndilo balaa lenyewe. Mji mzima ulishikwa wazimu. Vijana walikuwa wakimwona msichana mzuri wanaita, "Vuta kona!" Mwenye duka la jirani alikuwa akinirudishia chenji anasema, "Vuta kona, mama." Nami nameza mate.

Basi swali langu lilikuwa hilo moja tu. Nitapiga simu, nitamuuliza mtunzi mheshimiwa: vuta kona maana yake nini? Atababaika. Kisha nitamwambia maana yake, mimi na wanawake wote wa kiwanda tukipiga kelele nyuma, na mashine ikiunguruma. Nilitaka nimvue nguo hadharani, asibakie na pa kuficha uso. Ile hadithi ndicho kitu pekee nilichowahi kukitengeneza kisicholiwa, kisichochakaa na kisichorudishwa kwangu kichafu kesho yake. Nilikuwa tayari kwa kufa na kupona ili jina langu lirudi juu yake.

Adui wangu alikuwa mmoja tu. Usingizi.

Wiki hiyo mahoteli yalijaa wageni wa mkutano, mashuka yakaja kama mafuriko. Msimamizi akafuta mapumziko. Mdogo akapata homa, nikawa nakesha naye, asubuhi nakwenda kazini. Nililala nimesimama, macho wazi, mpaka Kidole ananirushia taulo. Nilitia chumvi kwenye chai nikainywa yote bila kugundua. Nilivaa kiatu cheusi mguu huu na cha kahawia mguu ule, nikazunguka hivyo kutwa nzima, hakuna aliyeniambia.

Kidole akanibana kibanio cha nguo kwenye ndewe la sikio. "Ukisinzia, kivute," akasema. "Maumivu yatakuamsha."

"Ikifika Jumamosi sitakuwa na sikio."

"Utakuwa na kisasi. Sikio la nini?"

Jumamosi asubuhi nilipokuwa naondoka, nilimkuta wifi amependeza hadi anakera. Gauni jipya, midomo inang'aa. Mapacha nao kawavalisha nguo zao za sikukuu, nywele zimechanwa, wamepakwa mafuta mpaka wanateleza.

"Mnakwenda wapi?"

"Nawapeleka kupiga picha," akasema. "Na wewe upumue kidogo, wifi, umekonda."

Nikataka kukataa. Baba Pacha akasema kutoka kitandani, hata shuka hajafunua, "Waache waende, bwana. Shangazi yao anawapenda."

Nilifikiri: akimaliza kuwapiga picha atawaacha kwa jirani, aende zake redioni. Kwa kweli sikufikiri sana. Kichwa kilikuwa kizito kama shuka lililoloa. Nikawabusu watoto, nikaondoka mbio.

Adhuhuri, wakati wenzangu wanakula, nikaketi juu ya rundo la taulo nivue kiatu tu. Kuketi tu.

Kitu cha baridi kikanipiga usoni. Kidole, na taulo la maji.

"Amka! Amka wewe! Ameshaanza!"

Loo! Nikaruka. Redio iliyofungwa kwa waya juu ya meza ya kukunjia ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, wanawake wote wamesimama chini yake, mikono viunoni. Mashine imezimwa. Hata msimamizi alikuwa mlangoni anajifanya anakagua kitasa.

Sauti ya wifi ilikuwa imejaa chumba kizima.

"...si rahisi, kaka mtangazaji. Mimi ni mwanamke wa kazi. Nashinda kwenye moto nikipiga pasi mashuka ya watu. Narudi nyumbani mikono inaniuma, nakuta watoto wana njaa. Kuna siku nalala nimesimama. Kuna siku natia chumvi kwenye chai nadhani sukari..."

Kidole akanigeukia.

"Pole sana, dada yangu," mtangazaji akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika kweli. "Na bado unaandika?"

"Naandika. Nikishika kalamu, usingizi unanibeba. Lakini nasema, hapana, kitu hiki ni changu. Sitakiacha."

Akatoa kilio kidogo cha puani. Mtangazaji akamwomba asilie.

Jamani! Ile chumvi niliisimulia mimi, jikoni, nikicheka mwenyewe, naye akiwa anachovya mkate kwenye chai yake ya sukari. Hadithi aliiba, nikasema sawa, tutapambana. Sasa ameniibia hadi uchovu wangu! Macho yangu mekundu, mgongo wangu, mikono yangu iliyoungua, vyote kavivaa kama alivyovaa gauni lile, na mji mzima unamlilia. Na mimi mwenyewe nimebaki na nini? Huyo aliyekuwa anapewa pole na watu wote kila siku hulala hadi saa tatu asubuhi.

"Nipeni simu," nikasema.

Wakapiga wote kwa pamoja, kila mwenye simu. Ya kwangu ndiyo iliyoingia. Kijana wa studio akapokea, akaniambia nisikate, nitakuwa wa kwanza hewani. Kidole akapunguza redio. Nikashika simu kwa mikono miwili. Swali lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi.

Redioni mtangazaji mwenyewe akamuuliza wifi, kwa sauti ya kunong'ona: "Kabla ya simu, dada, siri hii tupe. Vuta kona ni nini hasa?"

Wifi akacheka kicheko cha watu wa mjini. "Hiyo ni lugha ya mapenzi, kaka. Mwenye moyo ataielewa."

Wanawake wakaanguka kwa kicheko, wengine wakajiziba mdomo kwa taulo. Sikuwahi kufurahi hivyo maishani mwangu. Samaki kashaingia kwenye wavu, bado kuvuta tu.

Ndipo mtangazaji akasema, "Na leo mwandishi wetu hakuja peke yake. Ametuletea wageni wawili wadogo, mapacha wake. Wazuri kweli! Hebu nikuulize wewe mkubwa. Huyu ni nani yako?"

Kisha sauti ninayoijua hata nikiwa usingizini.

"Mama."

Ilikuwa Mkubwa. Mkubwa wangu.

Kicheko kilikatika chumba kizima. Kidole akanishika mkono. Nilihisi kitu kinanipasuka kifuani, na nasema hivyo kwa sababu sina namna nyingine ya kusema. Mtangazaji alikuwa anacheka, anasema watoto hawa wamefanana na mama yao puani.

"Halo! Msikilizaji wetu wa kwanza, uko hewani. Uliza swali lako."

Swali lilinitoka kichwani. Vuta kona, mjane, jina langu, vyote vikaniruka.

"Halo? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Naomba kumsalimia huyo mtoto wa pili."

Nikamsikia wifi akivuta pumzi. "Kaka, nadhani laini si nzuri, tuchukue..."

"Mdogo," nikaita.

"Mama!" Mtoto alipiga kelele hadi redio ikakwaruza. "Mama, homa imeisha! Hapa kuna biskuti! Wewe unakuja saa ngapi?"

Mtangazaji akakohoa. "Subiri kidogo, mdogo wangu. Umesema nani huyo kwenye simu?"

"Mama."

"Na huyu uliyekaa naye hapa?"

"Huyu shangazi."

Kiwanda kikalipuka! Wanawake wakarusha foronya, wakarusha mashuka safi ya hoteli hewani. Kidole alikuwa anaruka na mguu mmoja akiimba, "Shangazi! Shangazi!" Msimamizi mwenyewe kajisahau, anapiga makofi. Nami nikacheka, naapa, nilicheka huku machozi yananitiririka, maana nilimsikia wifi akigugumia kama mtu aliyemeza mwiba. Hiyo dakika sitamrudishia mtu yeyote.

Lakini mtangazaji alikuwa mtu wa kazi yake. Akauliza tena, polepole. "Sasa mbona kaka yako amemwita mama?"

Na mwanangu Mdogo, asiyejua kuficha hata pipi mdomoni, akajibu: "Baba ndiye katuambia. Kasema leo tumwite shangazi mama. Tukikosea hatupati baiskeli."

Akafikiri kidogo.

"Mimi nimekosea," akasema, na akaanza kulia.

Redio ikakatika, ukaingia muziki wa harusi.

Hakuna aliyerusha kitu tena. Shuka moja lililokuwa bado hewani likashuka likatua juu ya meza. Kidole akazima redio, akaanza kuokota foronya bila kunitazama. Msimamizi akarudi ofisini kwake, akafunga mlango taratibu.

Baba ndiye katuambia.

Ghadhabu yangu yote nilikuwa nimemwekea wifi. Wiki nzima nimemnolea yeye kisu, nimempakulia nyama yeye, nimebanwa sikio kwa ajili yake yeye. Na huyu bwana alikuwa kitandani pembeni yangu, anakoroma.

Simu ikatetemeka mkononi. Baba Pacha.

Nikapokea.

"Umefurahi sasa?" akasema. "Umetuaibisha mbele ya mji mzima. Dada yangu anatembea vipi barabarani kesho?"

"Ulijua?"

"Mama Pacha, hayo tutaongea nyumbani..."

"Nakuuliza, ulijua?"

Nilisikia friji mbovu ikinguruma nyuma yake, kwa hiyo alikuwa kwenye karakana yake, uani kwetu.

"Wazo lilikuwa langu," akasema hatimaye. "Dada yangu alitaka kupeleka kwa jina lako, mimi ndiye nikamkataza. Usimchukie yeye."

Ala! Nikashika ukingo wa mashine, bado ulikuwa na moto, sikuuachia.

"Kwa nini?"

"Wewe unafikiri kwa nini? Siku watu wakikujua, utaendelea kupiga pasi? Utakaa kwenye moto ule? Utaacha kazi siku hiyo hiyo. Mimi wateja sina, unajua. Nyumba hii unaishikilia wewe. Nilitaka ubaki pale pale ulipo, basi. Ni dhambi hiyo?"

Nilikumbuka alivyokuwa ananiambia jioni, "Pole na uchovu, mke wangu," ananikanda mabega, nami namwona ni malaika.

"Na isitoshe," akaendelea, sasa sauti yake imekuwa ya kubembeleza, "redioni wameshanipigia. Hawataki kesi. Wanataka sehemu ya mwisho tu, watu wanaisubiri. Hakuna anayeijua zaidi yako. Njoo tukae, mimi, wewe na dada, tuyamalize kifamilia. Sema basi. Umekasirika?"

Kidole alikuwa amesimama mbele yangu, ananiashiria nikate simu. Wenzangu wengine wamenizunguka, kila mmoja na shuka lake kifuani. Nikavua kibanio sikioni, nikavua aproni. Usingizi ulikuwa umenitoka wote, hata mgongo hauumi. Sijui mara ya mwisho nilijisikia hivyo lini.

"Watoto wako wapi?" nikamuuliza.

"Bado wako na dada. Watachelewa."

"Kwa hiyo nyumbani uko peke yako."

"Niko peke yangu, ndiyo. Kwa nini?"

"Basi usitoke," nikamwambia. "Nakuja."